VAT: gawanya kwa 118, usitoe asilimia 18

Wiki iliyopita dada mmoja ninayemsaidia mahesabu alinitumia karatasi yake ya Excel, anataka nimwangalizie kabla hajapeleka ritani (ile fomu ya kodi ya kila mwezi), akasema yani we angalia tu haraka haraka manake kila mwezi nafanya hivi hivi na sijawahi kuletewa shida. Nikafungua. Mauzo ya mwezi 590,000, bei zake zote anauza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ikiwa ndani. Pembeni kaandika VAT 106,200. Nikatulia kidogo, nikarudia kwa kalkuleta ya simu, nikampigia. Nikamuuliza hii 106,200 umeipataje? Akanijibu bila wasiwasi, si nimezidisha kwa 18 nikagawa kwa mia.

Hapo ndo nikajua niandike hii post, kwa sababu hili kosa nimeliona kwa watu wengi mno na karibu wote ni watu makini, wanaotunza risiti, wanaolipa kwa wakati. Na huwa hawashtukiwi kwa sababu wanalipa ZAIDI, nani atakupigia simu kukwambia umelipa nyingi?

Twende taratibu. Ukiwa na kitu cha 1,000 ukaongeza VAT ya asilimia 18 unapata 1,180. Hiyo wote tunaijua. Sasa ukiwa umeshika 1,180 mkononi unataka kujua VAT humo ndani ni ngapi, ukichukua asilimia 18 ya 1,180 unapata 212.40. Lakini tumeona wenyewe sasa hivi kwamba iliyoingia ni 180! Hiyo 32.40 imetoka wapi? Imetoka mfukoni kwako, umetoza kodi juu ya kodi. Asilimia 18 ilikuwa ya ile elfu moja, sio ya ile 1,180. Ukitaka kurudi nyuma unagawanya kwa 118 alafu unazidisha kwa 18. 1,180 gawa kwa 118 ni 10, mara 18 ni 180. Basi.

Ukipiga hesabu utaona 180 ni kama asilimia 15.25 ya 1,180, kwahiyo VAT ya asilimia 18 ikishaingia ndani ya bei inakuwa asilimia 15 na kitu ya hiyo bei. Kwa nchi kama Kenya ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 16 unagawanya kwa 116 na kuzidisha kwa 16. Afrika Kusini ni 15, kwahiyo 115. Uingereza ni 20, na hapo hesabu inakuwa tamu kweli, 20 kwa 120 ni sehemu moja ya sita, unachukua bei unagawa kwa sita umemaliza. Kiwango chochote kile, 100 jumlisha kiwango, hicho ndo cha kugawanyia.

Kwa huyu dada 590,000 gawa kwa 118 ni 5,000, mara 18 ni 90,000. Alikuwa anaandika 106,200. Tofauti 16,200 kila mwezi, na alikuwa amefanya hivo miezi nane. 129,600. Alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekata.

Alafu kuna wale wa upande wa pili, anataka abaki na 1,000 yake safi, anatafuta bei ambayo ukitoa asilimia 18 inabaki 1,000, anapata 1,219 na senti. Anaenda kuuza ghali kuliko inavyotakiwa, wateja wanamkimbia, anasema kodi imeniua. Hapana, bei yake ilikuwa 1,180 tu.

Sasa hilo ni la hesabu. Lakini nimegundua watu hawakosei hesabu kwa sababu hawajui kuzidisha, wanakosea kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza hii kodi inatembeaje. Jina lenyewe limebeba maelezo yote, kodi ya ongezeko la thamani, yani inafuata kile ulichoongeza WEWE, sio thamani nzima ya kitu.

Chukua meza. Muuza mbao anamuuzia fundi mbao za 400, anaweka VAT 72, fundi analipa 472. Muuza mbao anapeleka ile 72 serikalini (tuseme yeye hakununua chochote chenye VAT, ili hesabu iwe nyepesi). Fundi anatengeneza meza anamuuzia mwenye duka kwa 900 na VAT 162. Je fundi anapeleka 162? Hapana, anasema mimi nimekusanya 162 lakini nilishalipa 72 wakati nanunua mbao, kwahiyo napeleka 90. Mwenye duka anamuuzia mtu wa nyumbani kwa 1,400 na VAT 252, anatoa ile 162 aliyomlipa fundi, anapeleka 90. Jumlisha walichopeleka, 72 na 90 na 90, unapata 252. Na 252 ndo asilimia 18 ya 1,400, bei ya mwisho. Nani kailipa yote? Mtu wa nyumbani aliyenunua meza. Wale watatu wa kati hawajatoa hata senti yao, wamepokea na kupeleka tu, kila mmoja kwa kipande chake. Fundi aliongeza thamani ya 500 kwenye zile mbao za 400, na 90 ni asilimia 18 ya 500. Ukiielewa hii meza umeielewa VAT, mengine yote ni kanuni za pembeni.

Na ukitaka kujua kwanini walijisumbua kutengeneza mfumo wa kukata na kurudishiana namna hii, jaribu hesabu hiyo hiyo bila kukatana. Kila anayeuza anatoza asilimia 18 ya bei nzima na hakuna kudai kitu. Mbao 472, fundi anaongeza kazi yake ya 500 inakuwa 972, anatoza 18 inakuwa 1,146.96, mwenye duka anaongeza 500 yake anatoza tena, mteja wa mwisho anabeba meza kwa 1,943 na kitu badala ya 1,652. Meza ile ile! Kodi imepanda juu ya kodi, na kadiri bidhaa inavyopita mikono mingi ndivyo inavyozidi kuwa ghali, kwahiyo kampuni kubwa inayofanya kila kitu yenyewe kuanzia mbao mpaka duka inawaua wadogo wanaonunuliana. Ugonjwa huo ndo uliosumbua kodi za mauzo za zamani, na Mfaransa mmoja wa mamlaka ya kodi, Maurice Lauré, ndo anatajwa kuwa alisukuma hii dawa ya kila mtu kudai aliyolipa nyuma, Ufaransa ikaianza 1954. Leo nchi nyingi sana duniani zinaitumia, Kenya tangu 1990, Uganda 1996, Tanzania 1998. Marekani ndo hawana, wao wamebaki na kodi za mauzo za majimbo. Mimi huwa nawaambia wafanyabiashara wadogo kwamba ile haki ya kudai VAT ya manunuzi iliwekwa kwa ajili yenu, sasa ukitupa risiti unaitupa ile haki na unarudi kwenye ile meza ya 1,943.

Ila sio kila risiti unaidai, na hapa pia pana watu wanaumia. Nimewahi kukuta mtu kachukua matumizi yake YOTE ya mwezi, mishahara, nauli, kodi ya pango, vitu vya nyumbani, kajumlisha, kagawa kwa 118 kazidisha kwa 18, kadai. Haiwezekani hivo. Mshahara hauna VAT. Ukinunua kwa mtu ambaye hajasajiliwa VAT, hakukutoza VAT, kwahiyo hakuna cha kudai hata kama bei ilikuwa kubwa, huwezi kuitengeneza VAT ambayo haikuwepo. Unadai ile tu iliyoandikwa kwenye ankara halali, yenye jina na namba ya usajili ya aliyekuuzia, tarehe, na kiasi cha VAT kikionekana peke yake, na sehemu nyingi wanataka na namba yako wewe mnunuzi iwepo. Na iwe ni kwa ajili ya biashara. Gari dogo la kutembelea na mambo ya kukirimu wageni nchi nyingi wanakataa moja kwa moja hata kama ulienda kuzungumza biashara. Alafu kuna muda, sehemu nyingine una miezi sita tu, ukikaa na ankara kwenye droo mpaka ikapitiliza imekuwa karatasi.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi, na hili nalisema kwa sababu limenitokea mimi mwenyewe na ndugu yangu tulipoanza biashara yetu ya kwanza. Tulikuwa tumesajiliwa, tunauza vizuri, hela inaingia benki tunaiona, akaunti imenona. Tukaagiza mzigo. Tukalipa mzigo kwa hela yote iliyokuwepo kwa sababu tuliiona ni yetu. Siku ya kulipa VAT ikafika, mzigo uko stoo haujauzwa, akaunti haina kitu. Tukakopa kulipa kodi. Kukopa kulipa kodi inauma kuliko kodi yenyewe, manake unalipia riba hela ambayo mteja alishakupa mkononi. Tangu siku hiyo nina akaunti ya pili, kila Ijumaa napiga hesabu ya VAT ya mauzo ya wiki natoa ya manunuzi ya wiki, kinachobaki nakihamisha huko na sikigusi hata watoto wakiwa wanadaiwa ada. Najua inaonekana ukali, lakini ile hela haijawahi kuwa yangu, nilishikishwa tu.

Inakuwa mbaya zaidi ukiwa unauza kwa mkopo. Kwa kawaida VAT inahesabiwa kuanzia lile tukio linalotangulia kati ya kutoa ankara, kupokea malipo au kukabidhi mzigo, kwahiyo umempelekea kampuni fulani ankara ya 1,180,000 leo, wao wanalipa baada ya siku 60, wewe mwezi ujao unatakiwa kupeleka 180,000 ambayo hujaiona. Biashara ndogo inaweza kufa hapo kabisa huku kwenye vitabu inaonekana ina faida. Baadhi ya nchi, Uingereza kwa mfano, wanaruhusu biashara ndogo kuhesabu VAT kwa hela iliyolipwa kweli badala ya ankara iliyotoka, kwahiyo uliza kwenu kama huo utaratibu upo. Kama haupo basi ongea na mteja kabla ya kumpa mkopo, mwambie walau ile sehemu ya VAT alipe mapema, au usikimbilie kutoa ankara tarehe 29 wakati ungeweza kukabidhi mzigo na kuandika ankara tarehe 1. Siku mbili tu zinakupa mwezi mzima wa kupumua, na hakuna sheria uliyovunja ilimradi mzigo na ankara vyote kweli vimetoka tarehe 1.

Kingine ambacho watu wanachanganya ni kiwango sifuri na msamaha. Wanasema si yote hayana VAT? Kwa mteja ndio. Kwa wewe unayeuza ni mbingu na ardhi. Tuseme unauza kitu 1,000, na ulinunua vitu vya kukitengeneza kwa 600 na VAT 108. Kama bidhaa yako iko kwenye kiwango sifuri, mara nyingi ndo hivi vinavyouzwa nje ya nchi, unatoza asilimia 0 lakini bado uko ndani ya mfumo, unadai ile 108 yako, faida yako 400. Kama bidhaa yako imesamehewa, mfano kwenye nchi nyingi kupangisha nyumba ya kuishi, hutozi kitu ila pia hudai kitu, ile 108 inakuwa gharama yako, faida inashuka mpaka 292. Neno msamaha linasikika kama zawadi, ila mwenye biashara anaweza kuwa ndo anayeulipia. Na kama unauza vyote viwili, vyenye VAT na vilivyosamehewa, yale manunuzi ya pamoja kama umeme wa ofisi unayagawa kwa uwiano wa mauzo. Mauzo yenye VAT 750 kati ya 1,000, basi VAT ya umeme ikiwa 200 unadai 150 tu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: nijisajili au nisijisajili? Ukivuka kiwango cha mauzo kilichowekwa na sheria ya kwenu hakuna swali, unajisajili. Na angalia, ni MAUZO sio faida, na mara nyingi wanaangalia miezi 12 mfululizo yoyote, sio Januari mpaka Desemba, kuna watu wamevuka mwezi wa sita wao wanasubiri mwaka uishe, wanakuja kudaiwa VAT ya nyuma ambayo hawakuwahi kumtoza mteja, kwahiyo wanailipa wao na adhabu juu.

Ila kama uko chini ya kiwango na una hiari, mimi nauliza swali moja tu, wateja wako ni kina nani? Kaa na kalamu. Unauza kitu 1,180, vifaa vyake umenunua 590 VAT ikiwemo. Hujasajiliwa unabaki na 590. Ukijisajili na usipandishe bei, mauzo yako halisi ni 1,000, manunuzi halisi ni 500, unabaki na 500. Umepoteza 90 kwa kila kitu kimoja. Ili urudi kwenye 590 yako lazima uuze 1,090 na VAT, inakuwa 1,286.20, na kama mteja wako ni mtu wa kawaida na jirani yako hajasajiliwa anauza 1,180, umekwisha.

Lakini kama wateja wako ni kampuni zilizosajiliwa mambo yanageuka kabisa. Wao VAT wanaidai, kwahiyo hawaioni. Ukiwa hujasajiliwa unawauzia 1,180, kwao ni gharama ya 1,180 kamili. Ukiwa umesajiliwa unawauzia 1,090 na VAT, kwao gharama ni 1,090, na wewe unabaki na 590 ile ile uliyokuwa unabaki nayo! Yani umekuwa nafuu kwa 90 bila kupoteza chochote. Ndo maana kampuni nyingi ukienda kuomba kazi swali la kwanza ni una VAT? Wanapiga hesabu hiyo hiyo.

Na tafadhali, kama hujasajiliwa usiandike VAT kwenye ankara yako ili uonekane mkubwa. Hilo ni kosa la kisheria na ile hela utaidaiwa.

Punguzo nalo fupi tu, VAT inakaa kwenye bei baada ya punguzo. 1,000 ukipunguza asilimia 10 ni 900, VAT 162, jumla 1,062. Ukianza na 1,180 ukatoa asilimia 10 unapata 1,062 vile vile, kwahiyo msigombane dukani kipi kianze, punguzo au VAT. Mzigo ukirudishwa usifute ankara ya zamani, toa hati ya kuirekebisha, ili na mwenzako naye apunguze alichodai. Na mwezi ambao hukuuza kitu ritani bado inakwenda, unaandika sifuri unatuma, nimeona watu wanapigwa adhabu kwa miezi ambayo duka lilikuwa limefungwa.

Jaribio ambalo mimi nalifanya kila mara kabla ya kutuma ni hili, nachukua VAT niliyoandika nagawa kwa mauzo bila VAT. Lazima ije 0.18. Ikija 0.21 na kitu nimetoa asilimia kwenye bei yenye kodi ndani, manake 212.40 kwa 1,000 ni 0.2124. Ikija 0.1525 nimegawa kwa jumla yenye kodi. Ikija namba nyingine kabisa kuna mauzo yenye kiwango sifuri au ya msamaha yamechanganyika humo, au kuna ankara nimeiandika mara mbili. Ni sekunde tano.

Kwa yule dada jaribio hili lingemwambia tangu mwezi wa kwanza. Tumekaa Jumamosi mbili, tumepitia mwezi mmoja mmoja, yote minane, tumetengeneza ritani za marekebisho na kuambatanisha hesabu ya kila mwezi ilivyokuwa na inavyotakiwa kuwa. Ile 129,600 ameomba ihesabiwe kama salio la kukata kwenye miezi inayokuja badala ya kusubiri kurudishiwa taslimu. Kwenye ile Excel yake tumeongeza safu mpya, bei gawa kwa 118 mara 18, na pembeni yake safu ya lile jaribio, ikitoka nje ya 0.18 inawaka nyekundu.